Milango ya mvule, boriti na mabati ya bibi: kipi kiingie kwenye jiko jipya, kipi kiondoke

SWALI: Shikamoo mzee. Nipo Ngamiani, Tanga. Bibi alituachia nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, na masika iliyopita upande wa uani, yaani jiko, stoo na choo, uliporomoka. Nataka kujenga palepale jiko jipya na baraza la kupumzikia kwa kutumia vilivyobaki: milango miwili na madirisha ya mbao nzito, mbao za paa, boriti za mikoko, mabati yenye kutu, mawe, nondo zilizotoka kwenye zege la choo, na yale mabati ya saruji ya kijivu yaliyokuwa juu ya choo. Fundi wangu anasema vyote ni kuni na chuma chakavu, ila yuko tayari kuvichukua na kunilipa laki moja na nusu. Mjomba anasema kila kitu kinafaa, nisinunue hata msumari. Kuna kijana pia anataka kuniuzia mataruma ya reli, yale magogo yanayolazwa chini ya vyuma vya reli, nitengenezee meza. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Fundi anayekwambia mbao zako ni kuni halafu anatia mkono mfukoni kuzinunua ameshakujibu mwenyewe. Lakini na mjomba usimfuate mpaka mwisho, maana kwenye orodha yako kuna vitu viwili vinavyoweza kuleta msiba, na kingine kinachoweza kukufikisha polisi.

Mimi kifaa kilichotoka kwenye nyumba iliyoanguka nakishusha cheo. Boriti iliyobeba dari, sasa ibebe kivuli. Mbao ya kenchi, yaani ya fremu inayobeba paa, iwe rafu, benchi au fremu. Bati la paa liwe la banda la kuku. Milango, madirisha na mawe ndivyo pekee ninavyovirudisha kazini kwa cheo kilekile, na nitakueleza kwa nini. Pesa taslimu uliyonayo iende kwenye paa jipya na nondo mpya, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyokuwa juu ya vichwa vya watu.

Kabla hujagusa chochote, kaeni kikao warithi wote. Umesema bibi "alituachia", kwa hiyo si nyumba yako peke yako. Nimeona ndugu wakikosana kwa mlango mmoja uliong'olewa bila kuulizwa, na mlango wenyewe hakuna aliyekuwa akiutazama siku zote. Andikeni karatasi fupi: nini kinatumika, nini kinauzwa, pesa inakwenda wapi. Halafu ulizia kibali cha ujenzi kwenye halmashauri, hata kama ni jiko la uani.

Tuanze na kile kinachotisha. Hayo mabati ya saruji ya kijivu, kama yaliwekwa miaka ya 1960 au 1970, yachukulie kuwa ni asbesto mpaka ithibitike vinginevyo. Karatasi za aina hiyo zilitumika sana kwenye shule, nyumba za watumishi na majengo ya uani. Likiwa zima na limetulia halina fujo. Likikatwa, likitobolewa, likisuguliwa au likivunjwa, linatoa nyuzi ndogo mno ambazo macho hayazioni. Zikiingia kwenye mapafu zinaweza kukaa humo maisha, na ugonjwa wake, ikiwemo saratani, unaweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Kwa hiyo usilivunje ili uangalie ndani lina nini. Watoto wasikaribie, na mtu asifagie palipo na vipande vikavu. Vilowanisheni maji vilipo, vifunikeni kwa nailoni nzito, halafu nenda kwa afisa afya wa halmashauri na ofisi ya kanda ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, uulize utaratibu wa kuviondoa. Usimpe jirani akaezekee banda, na usivifukie shambani. Huo ni wema unaomhamishia mwenzio maradhi.

Sasa tuje kwenye mali. Milango na madirisha ya mbao nzito kwa nyumba za zamani za Tanga mara nyingi ni mvule, pengine mninga au msaji. Msaji kwenu si ajabu. Shamba la Longuza kule Muheza lilianza kupandwa tangu enzi za Wajerumani. Kujua ni ipi, chukua patasi kali, ukwangue sehemu ndogo kwenye ukingo usioonekana, pale bawaba inapokaa. Mvule hutoka rangi ya manjano ya kahawia na ukiuacha hewani unazidi kuiva. Mninga una wekundu na harufu nzuri. Msaji unateleza kidogo kwa mafuta yake na unanukia kama ngozi. Ukikuta nyeupe laini isiyo na harufu, hiyo ni mbao ya kawaida iliyopakwa rangi, na hapo fundi wako hajakosea sana.

Mvule una jambo moja la kukutahadharisha wewe na mwenye mashine. Ndani yake wakati mwingine kuna mawe, mawe kweli, madini ya chokaa yaliyojijenga kwenye mti ulipokuwa hai. Msumeno ukikutana nayo unapoteza meno, na mafundi wengine hudhani ni msumari. Vumbi lake pia linawasha pua na ngozi, kwa hiyo vaa barakoa unapopiga msasa.

Kung'oa mlango ni kazi ya nusu siku, na ndiyo mahali pa kuharibu kila kitu. Fremu za zamani zilijengewa pamoja na ukuta, zina vishikizi vya chuma vilivyoingia kwenye jiwe. Ukiingiza mtaimbo na kuvuta, kiungo cha juu kinapasuka na fremu imekwisha. Anza kwa kutoa mlango wenyewe kwenye bawaba. Skrubu zilizoganda usizilazimishe: safisha tundu lake kwa ncha ya msumari, dondoshea mafuta ya taa, ziache mpaka kesho, kisha weka bisibisi na uigonge kwa nyundo mara mbili tatu kabla ya kuzungusha. Bawaba zikiwa za shaba usizitupe. Kisha chimba lipu pande zote za fremu mpaka uvione vishikizi, vikate kwa msumeno wa chuma, na kabla ya kuitoa pigilia mbao mbili kwa mshazari ili fremu isipinde njiani. Andika kwa chaki upande wa kulia, wa kushoto na wa juu. Utacheka sasa, lakini vipande vikishalala stoo miezi mitatu, hakuna atakayekumbuka.

Chini ya mlango ndipo penye kuoza, hasa mlango wa uani unaopigwa na maji ya kufulia. Choma bisibisi pale: ikiingia kama kwenye ndizi mbivu, kata sehemu yote iliyooza na uunge kipande cha mbao ya aina hiyohiyo, kilichotoka kwenye dirisha bovu. Usizibe kwa saruji wala unga wa mbao na gundi. Hiyo ni kazi ya kuuzia, si kazi ya kukaa.

Rangi ya zamani ina hatari yake. Rangi za mafuta za miaka ya zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo usiichome kwa moto na usiisugue kavu. Tandika turubai, lowanisha, kwangua kwa kisu kipana, kusanya magamba yote, yafunge kwenye mfuko na ulizia afisa afya huyohuyo pa kuyatupa. Watoto wakae mbali, na kuku wafungiwe. Kuku hudonoa magamba hayo, na risasi ikaingia kwenye yai unalokula.

Halafu kuna kosa ambalo naliona kila mwaka: mtu anajenga ukuta kwanza, anaacha tundu la kipimo cha sasa, kisha analeta mlango wa zamani na kukuta ni mfupi au mpana. Fundi anaukata mlango. Mvule uliomaliza nusu karne unapunguzwa sentimita 6 kwa sababu ya tofali lililolazwa jana. Fremu isimame kwanza, ipimwe kwa timazi na pima maji, ishikizwe kwa mihimili, ndipo ukuta ujengwe kuifuata.

Mbao za paa zichambue moja moja. Chukua mfano wa mbao ya inchi 2 kwa 6 iliyokuwa imelala ukutani. Ile sehemu iliyoingia ndani ya ukuta, kama sentimita 30 hivi, imekuwa ikinyonya unyevu miaka yote na mara nyingi imeoza au imeliwa. Igonge kwa nyundo kutoka ncha moja kwenda nyingine: penye uzima inalia, penye uozo inajibu kwa sauti nzito kama unagonga gunia. Ikate pale sauti inapobadilika, kisha choma bisibisi kila hatua. Tazama na matundu. Matundu meusi yenye vumbi la zamani ni ya wadudu waliokwisha kufa au kuondoka. Unga mweupe unaodondoka ukiitikisa mbao ni wadudu walio kazini. Yenye unga wa namna hiyo usiilaze karibu na milango hata usiku mmoja. Njia za udongo za mchwa pia zisikutishe kabla hujachunguza, kwani mara nyingi mchwa wamepita juu wakitafuta mbao laini na kuiacha ngumu.

Misumari ndiyo inayokula muda. Igongee kutoka upande wa pili ili kichwa kiinuke, ndipo uivute, na uweke kipande cha bati chini ya nyundo ili usiiumize mbao. Iliyokatika ndani itafute kwa sumaku. Sumaku ya spika mbovu inatosha kabisa. Pitisha sumaku pande zote nne kabla hujapeleka mbao kwenye mashine ya randa, vinginevyo utamlipa mwenye mashine visu vyake.

Mbao zilizopona usizirudishe kwenye kenchi. Hazijachoka zote, la, ila zina matundu ya misumari, zimekatwa ncha, na nyufa zake huzioni zote. Zipige randa zikatoe benchi la baraza, rafu za jiko, meza na fremu za madirisha. Mbao ngumu iliyokauka miongo kadhaa ndani ya nyumba haipindi ovyo, tofauti na hizi za leo tunazouziwa mbichi kutoka gari moja kwa moja. Na usikubali zipakwe oili chafu. Najua ndiyo desturi yetu kwa nguzo na paa, lakini ndani ya jiko oili inanuka, inaingia kwenye vyakula na inashika moto. Dawa ya mchwa ipigwe kwenye msingi na chini ya nguzo, na mbao za jikoni zimalizwe kwa vanishi au mafuta ya kitani.

Boriti za mikoko zina historia. Zilipakiwa kwenye majahazi kwenda Oman na nchi za Ghuba kujengea nyumba, na urefu wake, kama mita mbili na nusu mpaka tatu, ndio uliopanga upana wa vyumba vya zamani vya pwani yote. Kwa hiyo pima boriti zako ndipo upange upana wa baraza, usifanye kinyume chake. Baraza la mita mbili na robo kwa ndani litazipokea vizuri, zikiegemea pande zote mbili bila kuungwa. Zitumie kubeba makuti au mmea wa kutambaa, kitu chepesi. Zisibebe zege wala dari ya kukanyagwa. Fupi zilizobaki zikate urefu mmoja, uzisimamishe kwa kupishana sehemu ya juu ya ukuta wa jiko, zipitishe moshi na upepo wa bahari. Ukitaka kuziuza au kuzihamisha kwa gari, pita kwanza ofisi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na barua ya serikali ya mtaa inayoeleza zilikotoka. Mikoko inalindwa, na askari wa kizuizini hana namna ya kujua kwamba hizi zilikatwa kabla hujazaliwa.

Mawe ndiyo akiba yako kubwa kuliko vyote. Mawe ya matumbawe yanayotoka kwenye ukuta wa chokaa au udongo yanasafishika kwa kijinyundo tu, na yanafaa msingi na ukuta. Mawili uyatazame. La kwanza ni chumvi. Mawe ya ukuta wa choo yamenyonya chumvi ya kila aina, na ukiyajengea jiko yatatoa ukungu mweupe na kumenya rangi kila mwaka. Hayo yapeleke kwenye kujaza chini ya sakafu ya baraza la nje. Mawe ya jiko na stoo yapange wazi, mvua za vuli ziyaoshe, kisha yapige brashi.

La pili ni mchanganyiko wa kuunganishia mawe, na hapa najua utabishana na fundi. Atataka saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi unyevu. Maji yanayopanda kutoka ardhini yanakwama nyuma yake, na baada ya misimu michache lipu inabanduka vipande vipana huku jiwe likiwa limelainika ndani. Chokaa inapumua. Kwa ukuta wa mawe tumia chokaa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3. Chokaa ya mfuko iloweke kwenye pipa siku kadhaa mpaka iwe kama uji mzito, ndipo uchanganye, na ukuta unyunyiziwe maji usikauke kwa jua. Kama fundi anaogopa itachelewa kushika, mkubaliane saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Mchanga uwe wa mto, usiwe wa ufukweni hata kama ni wa bure. Tanga chokaa si kitu cha kutafuta mbali. Ukuta upandishe kwa mawe mpaka usawa wa kiuno au zaidi kidogo, juu yake zile boriti fupi na madirisha ya bibi. Jiko la uani halihitaji kufungwa kama stoo ya benki.

Kifusi kinachobaki, udongo na chokaa ya zamani, kichekeche, ukishindilie chini ya sakafu kabla ya kumwaga zege. Utaokoa gari zima la kifusi cha kununua.

Mabati yainue juani moja moja. Ukiona vitundu vya mwanga kama nyota, hilo ni la ua au la kufunikia kuni. Yaliyo mazima yanaweza kuwa mazito kuliko ya leo. Zamani geji 26 na 28 zilikuwa za kawaida, leo wengi wananunua geji 30 au 32, na namba ikipanda bati linapungua unene. Hata hivyo paa la jiko nunua jipya, geji 28 ukiweza. Mvuke na moshi vinakula bati kutoka chini, na la zamani limeshaliwa nusu. Mazima yatoshe kwenye banda la kuku, yalale kwa mwinuko mkali na kupishana si chini ya sentimita 20, misumari ya raba ipite kwenye matundu yaleyale ya zamani.

Nondo hapana. Nondo iliyokunjwa ndani ya zege la choo, ikagongwa kunyooshwa, imechoka pale ilipokunjwa, na kutu imeshapunguza unene wake bila wewe kuuona. Usiitie kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), nguzo wala zege la juu. Itafaa grili ya dirisha, ndoano za sufuria, au vigingi bustanini. Mjomba akisema zamani walifanya hivyo, mwonyeshe hilo zege la choo lilipo sasa. Nyaya za umeme nazo, kama zipo kwenye kifusi, ziuze tu.

Huyo kijana wa mataruma mwambie hapana, tena mapema. Mataruma ya mbao huloweshwa kreosoti, mafuta meusi ya lami ya makaa ya mawe yanayochuruzika kila jua likiwaka. Si kitu cha kulia chakula juu yake. Hilo ni moja. La pili, mali ya reli ni mali ya umma, na bila risiti ya mnada halali wewe mnunuzi ndiye utakayeulizwa, yeye atakuwa ameshahama. Meza unayo tayari kwenye mbao za paa.

Upande wa fundi, kazi ya kubomoa na kuchambua mlipe kwa siku, usimpe kwa mkupuo. Mwenye mkupuo anataka kumaliza leo, na mtaimbo ndio unaomaliza haraka. Kazi ya kujenga mpe kwa mkupuo, kwa hatua: msingi, ukuta, paa. Kwenye makubaliano iandikwe kwamba vifaa vyote vinavyotoka kwenye ubomoaji ni vya mwenye nyumba, vihesabiwe jioni na kufunikwa turubai, vikiwa vimeinuliwa juu ya mawe visiguse ardhi. Kama bado anataka kutoa laki na nusu yake, mpe zile mbao zenye unga wa wadudu akapikie.

Ukimaliza kuchambua, nipimie upana na urefu wa fremu zote mbili kwa nje, na urefu wa boriti fupi kuliko zote, unitumie pamoja na mchoro wa uani hata wa kalamu. Hapo nitaweza kukwambia jiko likae upande gani wa uani na baraza lielekee wapi, ili msingi uchimbwe kabla masika haijaingia Machi.